Majani Kabla ya Kukamua

Galbet, Garissa

12 Aprili

Mbuzi wa Shurie wamekula kitalu changu. Hawakuonja tu. Wamekula hadi udongo ukabaki umelambwa kama sahani. Miche ilikuwa imetoa majani mawili mawili, ya kijani kilichokoza, na nilikuwa nimeifunika kwa chandarua cha mbu kilichochakaa. Chandarua pia wamekitafuna upande mmoja.

Nilimwita nikiwa nimeshika ukuta, kwa sababu siku hizi siwezi kusimama bila kushika kitu. Alitoka akifuta mikono kwenye dirac yake, gauni pana la Kisomali.

"Mbuzi hawajui kusoma, Mwalimu," alisema. "Ungewaandikia kibao labda."

Shurie ni mke mwenzangu. Mume wetu, Gelle, amekwisha kufa, lakini kuwa wake wenza hakufi na mume. Alitugawia boma moja: nyumba yangu upande wa barabara, yake upande wa nyuma, katikati ukuta unaonifika kifuani. Mimi nilifundisha kilimo katika shule ya wasichana mpaka nikastaafu. Yeye aliletwa kutoka Hadado na mbuzi wa kundi la baba yake, na mpaka leo anauza maziwa mlangoni kwake. Gelle alikuwa akisema, mbele ya wageni, kwamba nyumba moja ina vitabu na nyumba nyingine ina maziwa. Wageni walicheka. Usiku alilala kwenye maziwa.

Tunasemezana Kisomali. Maneno yetu nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyozoea kuandikia, na humu ndani Shurie anatoka mpole kuliko alivyo.

13 Aprili

Nimepanda mbegu upya. Safari hii kitalu kiko juu ya meza.

21 Aprili

Mvua ya Gu, masika yetu, imenyesha kwa hasira, ikakatika. Barabara ni matope, tuktuk zimekwama mbele ya lango, na madereva wanatukana Mungu aliyewapa maji. Miche imechomoza.

4 Mei

Watu wananiuliza kwa nini kabichi za Brussels, katika mji ambao hata sukuma wiki inatoa ulimi kwa joto. Najibu kwamba ni kwa ajili ya lishe. Ni uongo. Niliziona chuoni, nikiwa msichana, kule nyanda za juu kwenye ukungu: shina refu limesimama, na kwenye kila kwapa la jani kichwa kidogo cha kabichi, kigumu kama ngumi ya mtoto mchanga. Niliwaza kwamba nitaziotesha nyumbani, watu washangae. Kisha nikaolewa, nikafundisha, nikawa na shughuli. Sasa moyo wangu umepanuka, miguu inavimba, daktari anaongea nami polepole kama mtu anayeelekeza kipofu, na bado sijaziotesha.

Zinataka baridi. Hapa baridi ni miezi ya upepo tu, Juni hadi Agosti, na hiyo nayo si baridi, ni joto lililochoka. Ndiyo maana zile zilizoliwa Aprili ziliniuma. Zilikuwa mbele ya wakati. Hizi ziko nyuma.

29 Mei

Tumehamisha miche. Nasema tumehamisha, lakini aliyeinama ni Filsan. Filsan ni binti ya Shurie, msichana mkubwa aliyemaliza shule, na ndiye anayeniogesha, ananipikia uji na kunihesabia vidonge. Watoto wangu wako Nairobi na ng'ambo, wananitumia salamu. Huyu wa mke mwenzangu ananikata kucha.

Nilikaa kwenye kiti chini ya neti ya kivuli nikamwelekeza. Samadi iliyooza ya mwaka jana, si mbichi. Shimo la kina hadi majani ya kwanza yaguse udongo. Kisha kukanyaga.

"Kanyaga," nilimwambia.

"Nimekanyaga, eddo." Ndivyo anavyoniita, eddo, yaani mama wa kambo.

"Umeubembeleza. Kanyaga kama umeukasirikia. Udongo ukiwa laini shina linayumba, vichwa vinafunguka kama kabichi ya mchuuzi mvivu."

Shurie aliinua kichwa juu ya ukuta. "Binti yangu anafundishwa kukanyaga," alisema. "Ulikuwa hujui, Filsan? Basi mimi na miguu yangu sikukufundisha lolote. Na wewe Mwalimu, unapanda kitu cha miezi mitatu. Umemwuliza nani ruhusa?"

"Sikukuuliza wewe."

"Mimi si ndiye nitakayeuosha mwili wako?"

Filsan alisema, "Hooyo, basi." Mama yake akacheka, akashuka.

Nimeyaandika hayo hapa ili nikumbuke alivyoutaja mwili wangu.

16 Juni

Upepo. Vumbi kwenye chai, vumbi kwenye vidonge.

24 Juni

Filsan amezungusha miiba bustani nzima. Mashina yanafika gotini. Maji asubuhi tu, kwenye mizizi, na matandazo ya nyasi juu. Hazijambo. Kusema kweli hazijambo kuliko mimi.

Ugbad, mama wa Abdiwali, ananunua maziwa kwa Shurie kila jioni, na sasa Filsan ananiambia kwa nini anakuja mwenyewe badala ya kutuma mtu. Anamtazamia Abdiwali mke. Anatazama jinsi msichana anavyoshika chombo.

5 Julai

Ninaandika hili lilivyo.

Vikabichi vinapoanza kujitokeza kwenye makwapa, majani ya chini huondolewa, machache kila wiki, ili hewa ipite na nguvu ipande juu. Filsan aliyavunja asubuhi, akayaweka kwenye karai. Adhuhuri Shurie alikuwa na wageni wa kwao, na kupitia ukutani nilisikia akiwaigiza sauti yangu. Kanyaga. Kanyaga kama umeukasirikia. Aliigiza pia pumzi zangu, zinavyokatika. Wageni walicheka hadi mmoja akakohoa.

Alasiri mbuzi wake hurudi wenyewe kutoka mjini, wanasimama nyuma ya ukuta wakimngoja awakamue magharibi. Nilichukua karai. Nilishika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikawatupia majani yote. Walikula wakinitazama.

Nilifundisha somo hili kila mwaka. Mnyama wa maziwa asipewe kabichi wala jamii yake kabla ya kukamuliwa, bali baada, kwa sababu harufu yake hupita kwenye damu ikaingia kwenye maziwa. Wasichana waliliandika kwenye madaftari na mimi nikawasahihisha. Nilijua nilichokifanya kama ninavyojua jina langu.

6 Julai

Sikusikia lolote. Nimewatupia tena.

9 Julai

Tena.

13 Julai

Leo nimesikia. Mwanamke mmoja aliyerudisha chupa alisema, "Abaayo, dada yangu, chombo chako kina nini?"

"Chombo changu kina nini?"

"Kinanuka. Kama maji yaliyolala."

Msomaji ambaye si wa kwetu hawezi kujua uzito wa hayo. Kwetu maziwa hayasemwi vibaya. Chombo ndicho husemwa, na chombo ni mwanamke. Haan, chombo chetu cha maziwa, husukwa kwa mizizi, huoshwa, kisha hufukizwa ndani kwa kaa la mti wa harufu nzuri, mpaka maziwa yawe na ladha ya moshi. Mwanamke ambaye haan yake inanuka hana tofauti na mwanamke anayekutwa na kinyesi sebuleni.

Nilimsikia Shurie akiipokea chupa na kufunga mlango. Usiku huo nililala vizuri.

19 Julai

Wanunuzi wanapungua. Shurie ananusa vyombo kimoja kimoja. Kwa kuwa anayevifukiza ni Filsan, anamfokea Filsan. Sikuwa nimelifikiria hilo. Au nililifikiria nikalipita.

20 Julai

Filsan amekuja kunipa vidonge, vidole vimeungua kwa makaa. Nikamwuliza. "Nafukiza mara mbili sasa, eddo," alisema. "Hooyo anasema nina mkono mchafu."

Nilimwambia apake mafuta ya ufuta. Alasiri niliwatupia mbuzi majani, ingawa machache. Niliyahesabu machache kuwa huruma.

27 Julai

Ugbad alikuja na dada zake wawili, wamevaa vizuri, na kila mtu wa mtaa alielewa. Shurie alitandika mkeka mpya. Filsan alileta maziwa kwenye haan ya bibi yake, ile nyeusi yenye kauri shingoni, ambayo Shurie aliletwa nayo kutoka Hadado na huiweka kwa ajili ya mambo makubwa tu. Maziwa yalikuwa ya jana jioni, na jana alasiri niliwatupia mbuzi majani.

Mimi nilialikwa. Nilikaa kwenye kiti, kama jamaa wa marehemu Gelle. Ningeweza kusema kitu kabla Ugbad hajanywa. Nilimwona akipokea kikombe kwa mikono miwili na nikawa nautazama mkono wangu.

Alikunywa, kisha akatema ndani ya kikombe. Hakufanya kwa kutaka kuudhi. Mdomo wake ulikataa. Dada yake mmoja alivuta shungi puani.

"Pole," Ugbad alimwambia Shurie, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Labda binti ana mambo mengi. Tutazungumza siku nyingine."

Walipoondoka, Shurie hakumpiga Filsan wala hakumfokea. Alimwambia tu, "Toka mbele yangu."

28 Julai

Harufu ya kuungua imenitoa kitandani. Nilijikokota mpaka ukutani. Shurie alikuwa uani na haan ya mama yake katikati ya magoti. Alikuwa ameijaza makaa, akaitikisa, akayamwaga, akaijaza tena, tangu asubuhi. Mizizi ilikuwa imekauka, ikashika moto kwa ndani. Aliichovya kwenye ndoo ya maji ikapasuka mbavuni, na moshi ukatokea kwenye ufa.

Aliniona. "Umefurahi?" alisema.

Ni neno analonitupia kila siku, mvua ikinyesha au punda akilia. Hakujua.

30 Julai

Sijawatupia mbuzi kitu tangu tarehe ishirini na saba. Huo si wema. Majani ya chini yamekwisha.

3 Agosti

Nimemwambia Filsan avunje ncha ya kila shina. Ncha ikiondolewa mmea unaacha kurefuka, unajaza vichwa. Vimefikia ukubwa wa ndimu changa, vigumu, vimepangana kuzunguka shina kutoka chini kwenda juu. Katika Garissa. Nilivipapasa na kwa muda sikuwaza jambo lingine lolote.

Kwenye mashina mawili kuna vidukari. Nilimtuma Filsan majivu ya kunyunyiza. Alileta ndoo kutoka jikoni kwa mama yake, akayachekecha kwa mkono juu ya majani. Ndani ya majivu kulikuwa na kauri moja, imegeuka kijivu kwa moto. Alisimama ameishika.

"Aliitupa motoni yote, eddo," alisema. "Alisema chombo kilichopasuka hakikai nyumbani."

Kisha akaendelea kunyunyiza. Ni msichana anayemaliza kazi.

10 Agosti

Nimerudi kutoka hospitali. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu, wameyatoa kwa dawa. Daktari amesema nirudi nyumbani nikae na watu wangu. Nimefundisha muda mrefu, natambua matokeo yanaposomwa.

Kuna madhambi ambayo mtu huyapeleka kwa Mola wake na kuna ambayo Mola huyarudisha kwa mwenyewe aliyedhulumiwa, mpaka asamehe kwa kinywa chake. Hili ni la pili. Nimelizunguka pande zote nikitafuta mlango mwingine. Hakuna.

12 Agosti

Nilimwita Shurie aje upande wangu. Alikuja na tusbihi, akidhani nakata roho, na aliponikuta nimekaa alionekana kama aliyepotezewa wakati.

Nilimwambia. Majani, alasiri, mbuzi, somo la darasani. Nilimwambia pia kwamba Ugbad alipokuwa akinyanyua kikombe nilijua.

Alikaa chini sakafuni. Alizungusha shanga zote za tusbihi.

"Haan ya mama yangu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Nilimwambia binti yangu ana mkono mchafu. Nilimwambia hata mbwa hatakunywa kwake."

"Najua. Nilisikia."

"Ulisikia." Alinitazama. "Gelle alikuwa akikulalamikia kwangu, unajua? Alisema una moyo baridi. Mimi nikamwambia hapana, yule amesoma sana tu. Nilikutetea, mwanamke. Nikikutukana mchana ilikuwa haki yangu, lakini nilikutetea."

Nilimwomba anisamehe. Alisimama, akashika mlango.

"Msamaha wa nini, wa chumbani? Ulinichafua mlangoni kwangu, watu wakiingia na kutoka. Nenda kajichafue huko huko. Siku Ugbad atakapokuja tena kununua maziwa kwa mkono wa binti yangu, ndipo uniulize. Na usithubutu kufa kabla."

14 Agosti

Filsan amenipa dawa, uji, maji ya kunawa, kama kawaida. Mama yake amemwambia. Naona kwenye shingo yake. Hakuniita eddo. Alisema "shika" na "kunywa."

Nilimtuma kwa Ugbad, naye akaja jioni. Nikarudia maneno yote, polepole, kwa pumzi niliyo nayo.

Ugbad alinishika mkono. Machozi yalimlenga. "Mwalimu," alisema, "ulimfundisha dada yangu mdogo. Mji mzima unakujua. Unataka kubeba aibu ya msichana kwa sababu anakuuguza. Mungu akulipe."

"Sibebi aibu ya mtu. Ni yangu."

"Wallahi una moyo mzuri."

"Mama Abdiwali, sina."

Alinipapasa mkono kama mgonjwa anayeweweseka, akaenda zake. Alipokuwa akipita langoni nilimsikia akimwambia jirani kwamba mwalimu yule ni walii. Shurie alikuwa nyuma ya ukuta. Alicheka kicheko kimoja, kikavu.

15 Agosti

Ukiwa na jina jema maisha yako yote, hata uovu wako haupokelewi. Nimelala nikilifikiria hilo na limenikasirisha kupita kiasi.

Basi nitamthibitishia, kama darasani.

16 Agosti

Nilimwomba Ugbad aje alasiri, na Shurie alete mbuzi wawili tu: mweupe na yule mwenye sikio lililopasuka. Waliotazama ukutani walikuwa wengi. Mtaa huu haukosi.

Tatizo lilikuwa majani. Ya chini yalishakwisha. Yaliyobaki ni ya juu, yale yanayotengeneza mwavuli, na ndiyo yanayovikinga vikabichi na jua la huku. Bado wiki mbili vikomae. Filsan alielewa kabla sijasema. Alisimama kati ya mistari, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu juzi alisema neno zaidi ya moja.

"Vitaungua, eddo."

"Vunja."

"Yote?"

"Yasipotosha harufu haitatoka vizuri. Vunja."

Aliyavunja. Mashina yakabaki uchi, na vichwa vyake vidogo vimetokeza kama vidonda. Mwenye sikio lililopasuka alikula karai zima. Mweupe alifungwa kwenye mti na nyasi kavu. Tukangoja hadi jua lilipoelekea kuzama. Filsan akawakamua mbele ya wote kwenye vikombe viwili vya bati vilivyochemshwa kwenye sufuria moja, bila haan, bila moshi, bila chochote cha kulaumiwa.

Ugbad alinusa cha mweupe, akanywa. Alinusa cha pili, akasita, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akakiweka chini taratibu sana na akanitazama. Nimengojea maisha yangu yote watu wanione kama mwanamke anayejua mambo. Aliniona.

"Na siku ile," alisema, "uliketi pale."

"Niliketi pale."

"Ukaniangalia nikinywa."

"Ndiyo."

Alisimama, akajifuta mdomo. Alipita mbele yangu bila salamu, akaenda kwa Filsan, akamshika vile vidole vyenye makovu, akamwambia jambo kwa sauti ndogo. Waliokuwa ukutani walitawanyika. Hakuna aliyeniita Mwalimu.

18 Agosti

Jua kali. Vikabichi vya upande wa magharibi vimegeuka njano.

19 Agosti

Vimeanza kufunguka. Sikutoka kuvitazama, Filsan ameniambia.

22 Agosti

Leo magharibi nimesikia sauti ya Ugbad nyuma ya ukuta. "Nijazie chupa mbili, binti yangu." Na Filsan akajibu kitu, na Ugbad akacheka.

Nilimngoja Shurie. Hakuja. Aliosha vyombo, akaswali, akapika, akala. Nilimsikia akifanya kila kimoja kwa kujivuta. Alipokuja, alisimama mlangoni hakuingia.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nakuomba msamaha, Shurie."

"Maziwa nimekusamehe," alisema. "Na Filsan amekusamehe, mjinga yule, nimemwambia angoje kidogo akakataa. Lakini haan ya mama yangu sijakusamehe."

"Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu. Huna haja ya kunifundisha."

25 Agosti

Siwezi tena kukaa kwenye kiti bila mito. Filsan amevuta kitanda hadi dirishani.

Leo, baada ya kukamua, Shurie aliingia bustanini mwangu bila kuniuliza, akaondoa miiba ya mlangoni, akapiga ulimi. Mbuzi wake wote wakaingia. Walianza na vichwa vilivyofunguka, kisha vigumu vichache vilivyosalia, kisha maganda ya mashina. Yeye alisimama katikati yao, mikono kiunoni. Alichuma kimoja kilichokuwa bado kizima, akakiuma, akatafuna kwa muda.

"Hiki ndicho?" aliniuliza dirishani.

"Hicho ndicho."

"Kichungu."

"Hupikwa."

Alimeza. Kingine alikitia mfukoni, sikuuliza cha nini. Mbuzi walikuwa wakivunja mashina ya mwisho, na mlio wake ulikuwa kama mtu anayekanyaga udongo kwa hasira.

"Na haan?" nilimwuliza.

"Haan bado," alisema. "Meza dawa yako."